Uraia wa Marekani kwa aliyeingia kama mkimbizi: jinsi ya kuomba

Sheria ya kwanza ya uraia ya Marekani, ya 1790, iliwataja watu weupe walio huru peke yao. Mwenye asili ya Afrika alikubaliwa kuomba mwaka 1870. Siku hizi Mkongomani aliyetokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, anaomba kama mwingine yeyote. Wengi hukwama kwenye tarehe.

Chukua grini kadi yako, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, uangalie tarehe ya kuanza ukaazi. Kwa mkimbizi, hiyo huwa ni siku aliyotua Marekani, siyo siku kadi ilipotoka. Hapo ndipo miaka 5 inapoanza kuhesabiwa, na fomu unaweza kuituma siku 90 kabla haijatimia. Ndani ya miaka hiyo uwe umekaa nchini angalau miezi 30. Ukienda kuuguza mzazi Bukavu ukapitisha miezi 6, jiandae kujieleza.

Fomu ya kuomba uraia ni N-400. Mtandaoni ada ni dola 710, kwa karatasi 760. Mwenye kipato kidogo huomba msamaha wa ada kwa fomu I-912.

Usiijaze kwa haraka. Afisa atakayekuhoji ana faili lako la ukimbizi mezani, na majina ya watoto, ndoa na tarehe za kuzaliwa vitalinganishwa. Kama kambini uliandikiwa kuwa ulizaliwa 1 Januari, andika hivyo hivyo ilivyo kwenye hati zako. Kama faili la zamani lina jambo lisilo kweli, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutuma. Mjaza fomu wa mtaani hatakusaidia hapo. Na usijiandikishe kupiga kura kabla ya kiapo, hata ukiulizwa unapochukua leseni ya udereva. Hilo linaweza kukufukuzisha nchini.

Utaitwa kupigwa alama za vidole, kisha usaili. Utasoma na kuandika sentensi ya Kiingereza. Maswali ya historia na serikali, kwa waliotuma kuanzia 20 Oktoba 2025, ni 20 kati ya 128, na unatakiwa kupata 12. Mzee wa miaka 50 mwenye grini kadi kwa miaka 20, au wa 55 kwa miaka 15, husamehewa Kiingereza na kujibu kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Ukifeli unapewa nafasi moja tu ya kurudia.

Siku ya kiapo unarudisha grini kadi, unapewa cheti. Watoto wako walio chini ya miaka 18, wenye grini kadi na wanaoishi nawe, wanakuwa raia papo hapo: waombee pasipoti, usiwajazie N-400.