Ukiulizia waini ya bei poa, usiseme "nataka tamu"

Jana nimeelewa kwa nini kila nikiomba waini tamu napewa ya sukari kama juisi, kumbe kwetu tamu ni vitu viwili, yenye sukari na yenye ladha nzuri, na muuzaji anashika hiyo ya kwanza. Sema mambo matatu tu: sukari (ipo au haipo, yaani kavu), uchachu (kama ndimu au kidogo), na ukakasi, yaani ule mkauko wa ulimi kama umekunywa chai ya rangi iliyokaa sana kwenye majani. Ukitaka ya kunywa bila shida sema "kavu lakini haina ukakasi", utashangaa. Hata za Dodoma zipo kavu na zipo za sukari, kwa hiyo jina la mkoa peke yake halikusaidii. Inagoma pale muuzaji mwenyewe hajawahi kuionja, hapo geuza chupa usome asilimia ya kilevi, nyekundu ya 14 mara nyingi ni nzito, ya 8 au 9 mara nyingi sukari imebaki, mimi natafuta 11 hadi 12 na naipoza kidogo kwanza.