Kabla ya kwenda Deerhurst, tazama mto kwanza

Ukipanga kwenda Deerhurst, kijiji kidogo kando ya mto Severn huko Gloucestershire, Uingereza, usianze na nauli. Anza na mto. Severn una urefu wa kilomita 354 hivi na chanzo chake ni milima ya Wales, kwa hiyo mvua iliyonyesha huko juzi inaweza kukukuta Deerhurst leo, jua likiwaka. Utabiri wa hewa wa kijiji chenyewe hautoshi. Tazama vipimo vya kina cha maji ambavyo Wakala wa Mazingira huviweka mtandaoni, hasa vya Tewkesbury, mji ulio kilomita chache kuelekea juu, ambako mto Avon unaingia Severn. Ukiona tahadhari ya mafuriko, ahirisha safari. Mashamba ya bondeni hugeuka ziwa, na kijiji kikabaki nyuma ya tuta lake kama kisiwa. Julai 2007 Tewkesbury ilizingirwa na maji, mtambo wa maji wa Mythe ukafurika, na watu wapatao 350,000 wakakosa maji ya bomba. Fikiria hilo: maji kila upande, na bombani hakuna hata tone.

Hata siku kavu, vaa gambuti au viatu vigumu. Njia ya miguu inayofuata kingo za Severn ni nzuri mno, lakini udongo wake ni mfinyanzi, unanata. Beba chakula na maji kutoka Tewkesbury. Na kama ni Desemba, fika asubuhi, kwani ikifika saa kumi jioni jua limeshazama.

Jambo ambalo wageni wengi hulisahau ni kusoma kidogo kabla ya kufika. Bila hivyo utaona kanisa la mawe na nyumba kuukuu, uondoke ndani ya nusu saa. Monasteri ilikuwapo hapa tangu mwanzoni mwa karne ya 9, enzi za Wasaksoni, watawala wa kale wa Uingereza. Ælfheah, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury na kuuawa na Wadenmaki mwaka 1012, aliwahi kuwa mtawa hapa. Miaka minne baadaye, karibu na hapa, mfalme Edmund wa Uingereza na Cnut wa Denmark walikutana wakagawana nchi.

Ndani ya kanisa la Mtakatifu Maria, usiharakishe. Inua macho utazame dirisha lenye matundu mawili ya pembetatu, juu ukutani. Kisha nenda kwenye birika la ubatizo, uiname. Jiwe lote limechorwa mizunguko inayoshikana kama mkeka uliosukwa na fundi asiyetaka kuacha nafasi hata ya kidole. Birika hilo liliwahi kuwa chombo cha maji shambani kabla halijarudishwa kanisani. Mimi hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pote.

Hatua chache kutoka hapo kuna kikanisa cha Odda, mtawala Msaksoni wa karne ya 11. Karne nyingi kilimezwa na nyumba ya shamba iliyojengwa kwa kukiegemea, na hakuna aliyejua kuwa kuta zile ni kanisa hadi karne ya 19. Umri wake unajulikana kwa sababu ya jiwe lililochimbuliwa mwaka 1675 kwenye bustani ya matunda jirani. Maandishi yake ya Kilatini yanasema Odda alikijenga kikanisa hiki kwa ajili ya roho ya ndugu yake Ælfric, aliyefia mahali hapa, na kwamba askofu Ealdred alikiweka wakfu tarehe 12 Aprili, mwaka 1056. Odda mwenyewe alifariki Agosti ya mwaka huohuo.

Jiwe utakaloliona kikanisani ni nakala. La asili liko Oxford, kwenye jumba la makumbusho la Ashmolean, basi ukiweza panga siku mbili.