SOMO: Kuandaa kompyuta mpakato ili sauti isikatekate ukiwa kwenye muziki

Wakuu, maprodyuza wengi wa studio za chumbani wakisikia sauti inakwaruza hukimbilia kuongeza RAM. Mara nyingi hela inapotea. RAM ikiwa ndogo, projekti hufunguka kwa shida na mashine nzima huwa nzito. Ile tk-tk inayoingia katikati ya vokali mara nyingi ni jambo jingine: prosesa imechelewa kutoa sauti kwa sababu kuna kitu kimeishika kwa milisekunde chache. Tumtafute huyo mshikaji kabla ya kwenda dukani.

Hesabu yake ni hii. Ukirekodi kwa 44,100, kila sekunde ina sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 44,100. Bafa ni fungu la sampuli ambalo prosesa huliandaa kwa mkupuo mmoja. Ya 512 ni kama milisekunde 11.6, na ya 128 ni 2.9 tu. Ndani ya muda huo plagini zako zote (programu ndogo za ala na efekti) ziwe zimemaliza kazi, tena bila kukosa hata raundi moja. Draiva (programu inayoendesha kifaa) ya waifai ikiishika prosesa milisekunde nne, bafa ya 128 ni rahisi kukatika, wakati ya 512 huenda isitikisike.

1. Pima kwanza. Pakua LatencyMon, programu ya kuonyesha draiva gani inaichelewesha prosesa, ni ya bure kwa Windows. Bonyeza kitufe cha kijani, iache ifanye kazi dakika kumi hivi huku projekti yako inapiga. Kisha ingia sehemu ya Drivers, panga kwa safu ya Highest execution, uone nani yuko juu. Ukikuta ndis.sys, hayo ni mambo ya mtandao: zima waifai, pima tena. nvlddmkm.sys ni draiva ya kadi ya picha ya NVIDIA. Weka toleo jingine. ACPI.sys inahusika na umeme na betri. Wapo wanaoshauri uizime betri kule Device Manager, na kweli mara nyingine husaidia, ila hutaona tena chaji imebaki kiasi gani. Kwa huku kwetu umeme unakokatika bila hodi, mimi sishauri.

Badilisha kitu kimoja, pima, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitano kwa mpigo hutajua dawa ni ipi.

2. Umeme. Control Panel, halafu Power Options, chagua High performance. Mashine nyingi za sasa zinaonyesha Balanced peke yake. Kwa Windows 11 nenda Settings, System, Power & battery, uchague Best performance. Kwenye mipangilio ya ndani ya Power Options, kama ipo, weka Minimum processor state 100% na uzime USB selective suspend, maana hiyo ndiyo huilaza saundi kadi ya nje ukiwa umetulia. Angalia vizuri: kuna mpangilio wa kwenye chaja na wa kwenye betri. Rekebisha yote miwili, la sivyo umeme ukikatika msanii akiwa kwenye maiki, mashine inajipunguza nguvu papo hapo.

3. Draiva ya sauti. Tumia ASIO, aina ya draiva inayopitisha sauti moja kwa moja hadi saundi kadi. Kama una saundi kadi ya nje, chukua draiva ya aliyeitengeneza, kutoka tovuti yake. Kama huna, FL Studio inakuja na FL Studio ASIO. Programu nyingine tumia ASIO4ALL.

4. Kelele za nyuma. Simamisha Windows Update kwa muda, simamisha OneDrive, zima arifa. Folda ya vipande vya sauti unavyotumia iweke kwenye orodha ya Exclusions ya Defender, ile antivirasi ya Windows. Zile video za "zima huduma hamsini za Windows" achana nazo, utaharibu mengine.

Na joto, jamani. Mashine iliyowekwa juu ya godoro matundu yake yanaziba, prosesa inapunguza kasi ili isiungue, tk-tk zinaanza. Weka mezani, safisha vumbi la feni.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, bafa niweke ngapi hasa?
Kurekodi, 128, ikikwaruza panda 256. Kumiksi, weka 1024, hakuna anayeimba hapo. Trak nzito zigeuze kuwa sauti ya kawaida upunguze mzigo.

Shikamoo mwalimu. Natumia hedifoni za Bluetooth, nikiimba najisikia nimechelewa. Nimefuata hatua zote.
Marahaba. Hapo kompyuta haina kosa. Bluetooth yenyewe inachelewesha sauti kuliko bafa yoyote tuliyotaja. Tumia za waya.

Kaka, plagini zangu ni za krak. Inahusiana?
Inaweza. Mafaili ya krak mara nyingine hubeba programu zinazokula prosesa kimyakimya. Fungua Task Manager bila kuwasha muziki. Kama prosesa iko juu na hujui kwa nini, safisha mashine. Plagini za bure halali ziko nyingi na nzuri.

Mimi haikwaruzi, ila nikichomeka chaja nasikia mlio "mmmm" kwenye spika.
Huo ni umeme, LatencyMon haitauona. Chomoa chaja usikilize: ukitoweka, chomeka spika na chaja kwenye ekstensheni moja. Usipoisha, tumia waya za balansi (balanced, zinazopunguza mlio kama huo) kutoka saundi kadi hadi spika. Usikate pini ya ethi, ndugu yangu, hiyo ndiyo inayokulinda usipigwe shoti.