Baba ana demensia. Na sisi watoto je?

Baba aligundulika na Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, akiwa na miaka 78. Dada yangu aliuliza swali moja tu: "Na sisi je?" Haya ndiyo niliyomwambia.

Anza na umri. Chukua karatasi, andika wazazi, babu na bibi, wajomba na mashangazi, na kwa kila aliyepoteza kumbukumbu weka umri alioanza. Usiridhike na "uzeeni", ulizia. Ukikuta watu kadhaa, kizazi hadi kizazi, walioanza wakiwa na miaka arobaini au hamsini na kitu, mwombe daktari akupeleke kwa mtaalamu wa magonjwa ya kurithi. Ziko jeni (chembe za urithi) tatu, APP, PSEN1 na PSEN2, ambazo zikiwa na hitilafu inayoleta Alzheimer ya mapema hivyo, ugonjwa ni vigumu sana kuukwepa, na kila mtoto wa mwenye nayo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Koo za namna hiyo ni chache mno: hazifikishi hata 1% ya wagonjwa wa Alzheimer. Yetu haimo.

Kwa wanaougua uzeeni, inayotajwa zaidi ni jeni ya APOE, aina ya e4. Ukiirithi kwa mzazi mmoja, uwezekano wa kupata Alzheimer hupanda mara mbili hadi tatu; ukiipata kwa wote wawili, hupanda zaidi. Hata hivyo wapo wenye nayo wanaozeeka na akili timamu, na wasio nayo wanaougua. Dada alitaka kupimwa. Nikamwuliza: jibu likija, utafanya nini usichoweza kuanza leo? Amenuna hadi sasa.

Cha kuanza leo ni presha, hasa ukiwa kati ya miaka 40 na 65. Presha haiumi, ndiyo maana watu huiachia miaka huku inaharibu mishipa midogo ya ubongo. Utafiti wa Marekani wa SPRINT MIND, uliotoka 2019, ulilinganisha wenye presha: walioshushiwa namba ya juu chini ya 120 walipata upungufu wa awali wa kumbukumbu kwa kiwango kidogo kuliko waliolengwa chini ya 140. Lengo lako apange daktari; usijiongezee vidonge.

Halafu masikio. Watu hucheka hapa. Asiyesikia vizuri hujitenga na mazungumzo, na ubongo wake hukosa kazi. Pima, na ukipewa kifaa cha kusikia kivae, kisilale kabatini. Macho vilevile.

Mengine unayajua: sukari, kolesteroli mbaya, sigara, pombe nyingi, unene, kukaa bila mazoezi, kuumia kichwa (vaa kofia ngumu kwenye pikipiki). Upweke na sonona navyo vimo. Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 liliorodhesha mambo 14 na kukadiria kwamba yakiondolewa yote, karibu 45% ya demensia ingezuilika au kuchelewa. Hesabu hiyo ni ya umma mzima. Haikuhakikishii wewe binafsi chochote.

Na kama tayari unasahau sahau, usikimbilie kulaumu damu ya ukoo. Nenda ukapimwe tezi ya shingo na vitamini B12, na beba dawa zote unazomeza, hata za usingizi, daktari azikague. Baadhi ya sababu hizo zinatibika.