Namna ya Kuchunguza Nyumba Kongwe ya Rekta Nchini Uingereza

Nyumba ya rekta, yaani kasisi msimamizi wa parokia katika Kanisa la Uingereza, haikuwa mali yake binafsi. Kasisi huyo aliishi humo kwa muda wa utumishi wake, akawajibika kuitunza, na alipofariki au kuhama, mrithi wake aliweza kumdai yeye au familia yake gharama za uharibifu uliopatikana. Kwa sababu hiyo nyumba hizi ziliandikiwa hati, zikakaguliwa na kuwekewa rehani mara nyingi zaidi kuliko nyumba nyingine za vijijini za ukubwa uleule, na mtu anayetaka kujua historia yake atapata faida kubwa akianza na hati kabla ya kuzigusa kuta.

Jambo la kwanza ni kujua kipato cha parokia. Rekta alikuwa na haki ya zaka zote, zikiwamo zaka kubwa za nafaka na nyasi kavu, pamoja na mazao ya shamba la kanisa. Vika, yaani kasisi wa parokia ambayo zaka zake kubwa zilikwenda kwa mtu au taasisi nyingine, kwa kawaida aliachiwa zaka ndogo. Palipokuwa na ardhi nzuri, rekta aliweza kujenga kama bwana shamba, na ndiyo maana ghala kubwa na mazizi ya farasi huonekana karibu na nyumba yake.

Baada ya hapo, nenda kwenye nyaraka za dayosisi, ambazo mara nyingi huhifadhiwa katika ofisi ya kumbukumbu ya kaunti. Omba teria, yaani orodha za mali ya parokia zilizoagizwa na kanuni za Kanisa za mwaka 1604. Baadhi yake hutaja vyumba kimoja kimoja, sakafu za udongo au za mbao, na paa la nyasi au la vigae. Ukilinganisha teria mbili zilizopishana miaka mingi, utaona ni lini chumba kiliongezwa. Hati zenye thamani zaidi, kwa maoni yangu, ni za rehani zilizotolewa chini ya Sheria ya Gilbert ya mwaka 1776, iliyomruhusu kasisi kukopa kwa dhamana ya kipato cha parokia ili ajenge au akarabati. Mkopeshaji mmojawapo alikuwa Queen Anne's Bounty, mfuko ulioanzishwa mwaka 1704. Faili la rehani huweza kuwa na makadirio ya fundi na ramani za vyumba, na pengine maelezo ya nyumba iliyobomolewa. Ongeza ramani ya zaka, yaani ramani ya parokia iliyochorwa baada ya sheria ya mwaka 1836 iliyogeuza zaka kuwa malipo ya fedha, kisha ulinganishe umbo la nyumba lililomo humo na lile la leo.

Ukifika kwenye nyumba yenyewe, anzia nyuma. Upande wa mbele ndio uliogharimiwa ili uonekane, na mara nyingi ukuta wa matofali wa karne ya 18 umefunika tu fremu ya mbao iliyo ya kale zaidi. Tafuta mahali ambapo safu za matofali hazikutani sawasawa, kuta zilizo nene kupita kiasi katikati ya nyumba, na sakafu zinazopishana kimo. Ukiruhusiwa kupanda darini, kagua boriti: zikiwa na masizi, huenda palikuwa na ukumbi ulio wazi hadi paani, moto ukiwaka sakafuni kabla dohani haijajengwa. Mfano mzuri wa mpango huo ni nyumba ya makasisi ya Alfriston, Sussex, ya karne ya 14, ambayo National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na mandhari ya kale, iliinunua mwaka 1896 kwa pauni 10.

Madirisha yanahitaji tahadhari. Wenyeji watakuambia kwamba kila dirisha lililozibwa lilizibwa kwa sababu ya kodi ya madirisha, iliyotozwa kuanzia mwaka 1696 hadi 1851. Lakini mengine yalijengwa yakiwa yamezibwa tangu mwanzo, ili pande mbili za ukuta zilingane. Vilevile, usikadirie umri kwa ukubwa wa matofali peke yake. Moto nao ungeweza kufuta kila kitu: nyumba ya rekta ya Epworth, Lincolnshire, iliungua mwaka 1709, John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, akiwa mtoto wa miaka mitano akaokolewa kupitia dirishani, na nyumba iliyopo sasa ilijengwa upya kwa matofali.

Nyumba za enzi ya Malkia Victoria hutambulika kwa urahisi zaidi. Sheria ya mwaka 1838 iliwabana makasisi waliokuwa na parokia zaidi ya moja na kuwahimiza kuishi miongoni mwa waumini wao, hivyo ujenzi ukaongezeka. Wasanifu wa mtindo wa Kigothi, kama William Butterfield, waliacha ulinganifu na kuweka madirisha kadiri vyumba vilivyohitaji. Angalia chumba cha kusomea, ambacho aghalabu kilikuwa karibu na mlango ili waumini wasipite sebuleni.

Katika karne ya 20 Kanisa liliuza nyumba nyingi za aina hii, kwa kuwa zilikuwa ghali kuzipasha joto na kuzitunza, kwa hiyo utahitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Soma pia maelezo yake katika National Heritage List for England, yaani orodha rasmi ya majengo na maeneo ya kihistoria yanayolindwa kisheria, ukikumbuka kwamba maelezo mengine yaliandikwa bila mkaguzi kuingia ndani. Ikiwa nyumba imo katika orodha hiyo, usibandue lipu ili kuona mbao zilizo chini yake, kwa sababu kubadilisha sifa za jengo lililoorodheshwa bila kibali cha serikali ya mtaa ni kosa la jinai.