Mwenzi wako anapoingia kituo cha tiba ya pombe: namna ya kuukabili wasiwasi unaobaki nyumbani

Watu wengi hudhani kwamba siku mume au mke wao atakapokubali kuingia katika kituo cha tiba ya uraibu, usingizi utarudi usiku uleule. Mara nyingi mambo huwa kinyume. Moyo hudunda bila sababu, masikio huendelea kusubiri mlio wa bodaboda saa nane za usiku, na mkono hutafuta simu kabla macho hayajafunguka. Mtu aliyeishi miaka mingi na mnywaji amejifunza kazi ya ulinzi bila kufundishwa: hunusa pumzi, husikiliza jinsi ufunguo unavyoingia kitasani, huhesabu pesa zilizobaki mfukoni, na humpigia mwajiri kusema kwamba mgonjwa ana malaria. Askari aliyezoea zamu ya usiku hapati usingizi kwa sababu tu mwenye nyumba amesafiri.

Kwa hiyo mwongozo huu haukuambii utulie. Unakuomba uigawe upya kazi ya ulinzi: ujue ni hofu zipi sasa zimehamia mikononi mwa wauguzi, zipi zimebaki kuwa zako, na zipi hazikuwahi kuwa za mtu yeyote kuzishughulikia.

Siku za kwanza na hofu ya mwili wake

Hofu ya kwanza huwa ya kimwili, na ni hofu yenye msingi. Mtu aliyekunywa waragi, ile pombe kali ya Uganda, kila siku kwa muda mrefu akiacha ghafla, mwili wake huanza kulalamika ndani ya saa chache: mikono hutetemeka, jasho hutoka, tumbo huchafuka, usingizi hupotea. Kifafa, kama kitatokea, mara nyingi hutokea ndani ya siku mbili za kwanza. Hali ya hatari zaidi, ya kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo, kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya pili na ya nne. Hali hizo zinaweza kuua mtu aliyefungiwa chumbani nyumbani ili aache pombe kwa nguvu, na ndiyo sababu hatua hii inapaswa kufanyika mahali penye daktari au muuguzi. Huko hupewa dawa za kutuliza mishipa ya fahamu kama diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa hatua kwa hatua, pamoja na vitamini B1, ambayo upungufu wake huharibu ubongo wa wanywaji.

Ukishayajua hayo, una maswali mahususi ya kuuliza siku ya kumpeleka, badala ya kubaki na hofu isiyo na umbo. Uliza ni nani yuko zamu usiku na kama ni muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Uliza mgonjwa akipata kifafa atapelekwa hospitali gani na kwa gari gani. Waeleze kwa ukweli kiasi alichokuwa akinywa, kinywaji cha mwisho alikunywa lini, kama amewahi kupata kifafa, na dawa nyingine anazotumia, zikiwemo za shinikizo la damu, kisukari au virusi vya UKIMWI. Wenzi wengi hupunguza kiasi kwa aibu. Kufanya hivyo kunaweza kusababisha apewe kipimo kisichofaa. Mwisho, uliza ni mtu gani mmoja utakayempigia, siku gani na saa ngapi. Jibu la swali hilo litakusaidia kuliko yote, maana wasiwasi hupungua unapojua habari itakufikia lini.

Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Butabika jijini Kampala, iliyoanzishwa mwaka 1955, ina kitengo cha watu wenye uraibu wa pombe na dawa za kulevya, na hospitali za rufaa za mikoa nazo zina vitengo vya afya ya akili ambako unaweza kuanzia kuuliza. Vituo vya binafsi ni vingi na vinatofautiana sana kwa bei na ubora. Kabla ya kulipa chochote, omba orodha ya gharama zote kwa maandishi, kwa kuwa malipo ya ziada yanayoibuka katikati ya tiba ni chanzo kikubwa cha hofu nyumbani.

Simu inayonyamaza, na simu inayolia

Vituo vingi humnyima mgonjwa simu kwa siku au majuma ya mwanzo. Mtu aliye nyumbani huusoma ukimya huo kuwa ni hasira, au ni habari mbaya inayofichwa. Kwa kawaida ni utaratibu tu. Usiwapigie wafanyakazi mara nne kwa siku. Piga saa mliyokubaliana, ukiwa na maswali uliyoyaandika, kisha andika majibu yake. Daftari hilo litakufaa usiku, wakati akili inapoanza kubuni majibu yake yenyewe.

Kisha simu italia, na hapa ndipo watu wengi hushindwa. Mara nyingi mgonjwa hupiga akilia au akifoka: chakula ni kibaya, watu waliomo si wa hadhi yake, amekwisha kupona, njoo unitoe. Ukimya ulikuwa mgumu, lakini simu hii ni ngumu zaidi, kwa sababu inaamsha mazoea yote ya kumwokoa. Usibishane naye, na usiahidi kitu. Andaa maneno mapema na uyaweke karibu na simu. Kwa mfano: “Baba Amina, nimekusikia kwamba ni vigumu, na sikatai. Sitaamua lolote leo kwenye simu. Zungumza na mshauri wako kesho asubuhi, nami nitazungumza naye pia, na siku ya kutembelewa tutakaa sote watatu.” Akirudia ombi, rudia maneno yaleyale kwa sauti ileile. Akitukana, mwambie unakata simu na utaipokea tena siku nyingine, kisha uikate kweli.

Kuna tofauti moja ambayo haipaswi kupuuzwa. Malalamiko ya kuchoka na kukosa starehe si sawa na malalamiko ya kupigwa, kufungwa minyororo, kunyimwa chakula au kunyimwa dawa. Ukisikia ya aina ya pili, usiyachukulie kuwa ni hila za mnywaji. Nenda mwenyewe pamoja na ndugu mmoja, omba kumwona bila mfanyakazi kusimama karibu, na utazame mwili wake. Sheria ya Afya ya Akili ya Uganda iliyopitishwa mwaka 2018 inatambua haki za mgonjwa, na mahali panapokukatalia kumwona bila sababu ya kitabibu pana jambo la kueleza.

Usiku

Wasiwasi wa usiku ni wa mwili kabla ya kuwa wa mawazo, kwa hiyo anza na mwili. Vuta pumzi polepole kupitia puani, kisha itoe taratibu zaidi kuliko ulivyoivuta, kwa dakika kadhaa. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo. Acha kahawa na chai ya rangi kuanzia alasiri. Ukiwa macho kwa muda mrefu, ondoka kitandani, ufanye kazi ndogo isiyo na mwanga mkali, kisha urudi usingizi unapokuja.

Jambo la pili linaonekana la kitoto lakini lina nguvu. Tenga nusu saa ya jioni, kabla ya chakula, iwe ndiyo saa ya kuhangaika rasmi. Keti na daftari, uandike kila hofu, na mbele ya kila hofu uandike jina la mwenye kuishughulikia. “Atapata kifafa” ni ya muuguzi. “Ada ya muhula ujao” ni yangu, nitakwenda kumwona mwalimu mkuu Jumatatu. “Je, akirudi kunywa baada ya mwaka?” haina mwenyewe leo. Hofu ikija saa tisa usiku, iambie kwamba zamu yake ni kesho jioni. Siku za mwanzo haitatii, endelea hivyohivyo.

Usinunue vidonge vya usingizi katika duka la dawa bila daktari, hasa diazepamu, ambayo nayo hujenga utegemezi. Na usijaribu kulala kwa msaada wa glasi moja. Sitaki kuhubiri hapa, ila nyumba ambayo mmoja anajifunza kuacha huku mwingine anajifunza kuanza haitakaa sawa.

Pesa, ndugu na maneno ya majirani

Fungua hesabu zote mapema, hata zile za kutisha. Madeni ya baa, mikopo ya simu, mkopo wa SACCO na mishahara iliyochukuliwa mapema huumiza zaidi yakiwa gizani. Nenda kwa wadai wakubwa uombe muda, na usilipe deni la pombe kwa pesa za chakula kwa sababu tu mwenye baa anapiga kelele. Kama kuna ndugu wanaozungumzia kuuza kiwanja ili kulipia tiba, kumbuka kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya kuuza ardhi ambayo familia inaishi au inaitegemea kwa riziki. Hukatazwi kukubali, lakini usisaini kwa hofu.

Kuhusu watu, amua mapema ni nani ataambiwa kiasi gani. Mama mkwe anastahili kuambiwa ukweli kwa heshima, tena ana kwa ana: “Mama, mtoto wako anaumwa ugonjwa wa pombe, yuko kwa madaktari, na tunahitaji dua zako.” Akisema mwanawe amerogwa, huna haja ya kushinda mjadala huo, mwombe tu asimtoe kituoni kumpeleka kwa mganga kabla tiba haijaisha. Majirani wanatosheka na “yuko kwenye matibabu.” Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, hana haja ya kujua zaidi, isipokuwa kama kulikuwa na fujo nyumbani.

Watoto wasidanganywe kwamba baba amesafiri kikazi. Wameona mengi kuliko unavyodhani, na uongo huwaachia kazi ya kubuni. Mtoto mdogo aambiwe kwamba baba anaumwa, madaktari wanamsaidia kuacha pombe, na si kosa lake. Kijana aambiwe zaidi, na aruhusiwe kukasirika. Ukiona mtoto amebadilika sana shuleni au amenyamaza, namba ya bure ya Sauti 116 hushughulikia mambo ya watoto nchini kote.

Kikao cha familia

Vituo vizuri hukuita kushiriki kikao na mshauri. Wenzi wengi hufika na miaka kumi ya uchungu wakiimwaga yote kwa saa moja, au hufika wakiwa wamejifunga mdomo kwa kuogopa kumvunja moyo. Chagua mambo mawili au matatu yaliyotokea kweli, yenye siku na mahali, na useme yalivyokuumiza. “Siku ya mazishi ya baba yangu ulianguka mbele ya wageni, nikaona aibu hadi nikashindwa kulia” inasikika. “Wewe ni mlevi siku zote” haisikiki. Kisha sema jambo moja utakalolifanya akirudi, na jambo moja ambalo hutalifanya tena, kama vile kumdanganyia mwajiri.

Kama alikuwa akikupiga, mwambie mshauri peke yake, kabla ya kikao. Tiba ya pombe haiponyi ukatili kwa lazima. Wapo wanaopiga hata wakiwa hawajanywa. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 inakulinda, na polisi wana dawati la familia na watoto. Hofu ya aina hii usiiandike katika daftari la jioni kama hofu nyingine. Ni taarifa, na inahitaji mpango wa mahali pa kulala kabla ya siku yake ya kutoka.

Msaada wako mwenyewe

Familia za wanywaji zina mikutano yao tangu mwaka 1951, chini ya jina la Al-Anon, tofauti na ile ya wanywaji wenyewe iliyoanza mwaka 1935. Uliza kituoni kama kuna kikundi cha familia karibu nawe. Kikikosekana, watu watatu waliokutana katika siku ya kutembelea wagonjwa wanaweza kuanza kuketi pamoja. Kiongozi wa dini anayejua kusikiliza pia anafaa. Anayekuambia uvumilie tu, mshukuru na utafute mwingine. Lakini ikiwa kwa majuma mawili au zaidi huli, hulali, unashindwa kufanya kazi, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, nenda hospitali kwa ajili yako mwenyewe, tena usisubiri majuma hayo mawili kwa hilo la mwisho.

Kabla hajarudi

Karibu nusu ya watu wanaotibiwa uraibu hurudia kunywa wakati fulani, kiwango kinachofanana na cha wagonjwa wa shinikizo la damu au pumu ambao hali yao huvurugika tena. Ni afadhali kuijua habari hiyo sasa, mkiwa na mshauri mezani, kuliko kuigundua usiku mmoja sebuleni. Andikeni pamoja nini kitafanyika akinywa mara moja: atampigia nani, wewe utampigia nani, watoto watalala wapi, na ni lini atarudi kuonana na mshauri. Mkumbuke pia kwamba mwili uliopumzika miezi kadhaa hauwezi tena kiasi cha zamani, na chupa moja aliyoizoea inaweza kumlaza hospitalini.

Ondoa pombe ndani ya nyumba. Vifuko vya waragi vilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini chupa ndogo za plastiki bado zinauzwa kwa bei ya chini karibu kila kona, kwa hiyo zungumza na mwenye duka la karibu na marafiki wa kikundi cha malwa, pombe ya ulezi inayonywewa pamoja kutoka chungu kimoja, kabla hajafika. Waambie bila ukali kwamba kwa sasa hatakaa kwenye chungu, na kama wanataka kumwona waje nyumbani mchana. Baada ya hapo, muulize mshauri tarehe ya kwanza ya kurudi kliniki, uiandike ukutani, na umwachie mwenzi wako kazi ya kuikumbuka.