Intaneti ya kijiji: anza na bili ya mwezi, mlingoti utafuata

Mitandao mingi ya vijijini haifi kwa kukosa vifaa. Vifaa huja kwa ufadhili, mlingoti husimikwa, picha hupigwa. Baada ya msimu mmoja au miwili betri imechoka, bili ya mwezi haijalipwa na fundi aliyefunga yuko mjini hapokei simu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na fedha na kuishia kwenye nyaya. Tumeuandika kwa ajili ya kijiji cha Tanzania chenye kaya mia chache, kilichoko kilomita 10 hivi kutoka mji uliofikiwa na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani nyaya kuu za intaneti za nchi. Msomaji wa Kenya, Uganda au Kongo atabadilisha majina ya ofisi, lakini hesabu za redio na betri ni zile zile.

Hakikisha kwanza kama mlingoti unahitajika

Pita kila kitongoji na simu janja yenye laini za kampuni mbili au tatu, upime kasi saa nane mchana na tena saa mbili usiku. Kipimo cha usiku ndicho cha kuaminika, kwa sababu mchana mnara hauna watu. Kama 4G inafika vizuri na watu bado hawatumii, tatizo lenu ni bei ya bando, simu na ujuzi. Hapo msijenge chochote. Rukeni hadi kwenye meza ya huduma iliyoelezwa mwishoni. Mtakuwa mmeokoa mamilioni.

Kama mawimbi hayafiki kabisa, pelekeni ombi halmashauri ili kijiji kiwasilishwe kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), unaotoa ruzuku kwa kampuni za simu kujenga minara sehemu zisizo na faida kibiashara. Njia hiyo ni ndefu, lakini ombi halizuii kazi nyingine kuendelea.

Hesabu ya fedha

Intaneti hupunguza umaskini pale inapoongeza kipato au kuondoa gharama. Kasi peke yake haimlishi mtu. Utafiti wa Tavneet Suri na William Jack uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba M-Pesa iliziondoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini, yaani asilimia 2 ya kaya zote, na huduma hiyo ilifanya kazi kwenye kitochi bila intaneti yoyote. Kwa hiyo ulizeni wanakijiji wanatoa nauli kwenda mjini kwa shughuli gani: maombi ya mkopo wa wanafunzi wa HESLB, maombi ya kazi serikalini kupitia Ajira Portal, leseni ya biashara kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, namba ya malipo ya serikali, bei za mazao, kutuma nyaraka. Andikeni nauli ya kila safari na mara ngapi kwa mwaka. Jumla hiyo ndiyo fedha ambayo mtandao unaweza kuibakiza kijijini.

Kipimo cha bei kipo. Tume ya Broadband ya Umoja wa Mataifa iliweka lengo mwaka 2018 kwamba huduma ya msingi isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Ukiligeuza kuwa kipimo cha kaya, inayoingiza shilingi 150,000 isitumie zaidi ya 3,000. Mkipanga bei juu ya hapo, wateja wenu watakuwa walimu na wenye maduka tu.

Sasa bili. Tarakimu hizi ni za mfano, wekeni zenu:

Kasi ya 20 Mbps (megabiti kwa sekunde): 400,000
Mhudumu: 150,000
Akiba ya matengenezo: 60,000
Leseni, karatasi, dharura: 40,000
Jumla kwa mwezi: 650,000

Mkitegemea vocha za siku za shilingi 500 peke yake, mnahitaji kuuza 1,300 kwa mwezi, yaani 43 kila siku, Jumapili na masika zikiwemo. Hamtafika. Tafuteni wateja wanne wa kudumu kabla ya kununua hata skrubu: shule, zahanati, chama cha ushirika cha mazao (AMCOS), duka la pembejeo, kila mmoja 50,000 kwa mkataba wa maandishi. Ongezeni kuchaji simu 20 kwa siku kwa shilingi 300, nayo inaleta 180,000. Pengo linalobaki ni 270,000, sawa na vocha 18 kwa siku. Hiyo inawezekana. Zenzeleni, ushirika wa mtandao wa Mankosi huko Afrika Kusini, nao ulitumia umeme wake wa sola kuchaji simu za wanakijiji na kujiingizia kipato.

Akiba ya matengenezo haiguswi kulipia posho wala harusi ya mtu. Betri ya 1,200,000 inayotarajiwa kudumu miaka mitano inadai 20,000 kila mwezi. Nyingine 40,000 ni za redio, kwa sababu radi itapiga. Akaunti iwe na watia saini watatu.

Kibali

Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kuuza huduma ya mawasiliano bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ni kosa. Kuna njia mbili: kuomba leseni yenu, au kuwa wakala wa mtoa huduma mwenye leseni. Ya pili ni nyepesi zaidi, ila mkataba useme wazi kwamba mnaruhusiwa kuuza tena. Vifurushi vya nyumbani kwa kawaida vinakataza, vikiwemo vya setilaiti. Kenya ina aina mahususi ya leseni kwa mitandao ya jamii tangu 2021.

Kijijini, jambo lipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji na muhtasari uandikwe. Kama mlingoti utakaa juu ya paa la shule, andikeni nani anamiliki vifaa, nani anashika ufunguo, na nini kitatokea mwalimu mkuu akihamishwa. Kipengele hicho cha mwisho husahaulika, na mkuu mpya akija huwa wa kwanza kuuliza kwa nini kuna nyaya kwenye paa lake.

Kiungo cha kilomita 10

Tumieni redio mbili za 5 GHz zenye madishi, moja mjini kwa mtoa huduma, nyingine kijijini. Masafa ya 2.4 GHz yaachieni simu za watu.

Kuonana kwa macho hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi yenye umbo la yai refu kati ya madishi mawili, eneo la Fresnel. Kwa kilomita 10 kwenye 5.8 GHz, nusu-kipenyo chake katikati ni mita 11.4, na angalau asilimia 60, karibu mita 7, lazima iwe wazi. Ongeza mita 1.5 za mpindo wa dunia. Kwa hiyo mstari wa madishi upite mita 8.5 au zaidi juu ya kizuizi kirefu kilichopo katikati. Angalia miinuko kwenye Google Earth, halafu nenda kwa miguu ukaone miti, maana ramani haionyeshi mikaratusi iliyopandwa miaka mitatu iliyopita. Upimaji wa kiangazi hudanganya: majani yakirudi na kulowa mvua, kiungo kilichokuwa kinapita kwenye matawi hukatika.

Kabla ya kupanda juu, kokotoa nguvu ya mawimbi mnayotarajia kupokea. Hupimwa kwa dBm, na tarakimu hasi iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu zaidi. Upotevu wa hewani kwa umbali huo ni dB 128. Redio inayotoa dBm 24 na madishi yanayoongeza dBi 23 kila upande: 24 + 23 + 23 − 128 = −58, ukitoa upotevu mdogo wa viunganishi unapata kama −60 dBm. Wekeni nchi sahihi kwenye mipangilio ya redio ili mbaki ndani ya kikomo cha nguvu kinachoruhusiwa. Kikiwalazimu kushusha nguvu, punguzeni kwenye hesabu pia. Tarakimu hiyo ni ya thamani sana siku ya kulenga. Mkipata −80 wakati hesabu inasema −60, dishi limenasa mawimbi ya pembeni, na mafundi wengi hufunga boliti hapo hapo kwa sababu «inashika». Zungusha taratibu, shahada chache kila upande, kwanza mlalo kisha wima, mpaka upite kilele na kurudi. Mmoja azungushe, mwenzake asome, na upande wa pili usiguswe.

Chagueni upana wa chaneli wa MHz 20. Unatosha kabisa kwa 20 Mbps, na chaneli nyembamba haisumbuliwi sana na redio za jirani.

Nyaya ndizo zinazoangusha watu. Kebo iwe ya nje, inayostahimili jua, na ya shaba tupu. Ile ya bei nafuu ni alumini iliyopakwa shaba: hupoteza umeme njiani na kukatika kwenye viunganishi, na redio hujizima na kujiwasha usiku bila sababu inayoonekana. Isizidi mita 100. Kabla ya kuingia ndani ipinde chini kidogo ili maji yadondoke nje. Soma lebo ya kila adapta: zipo redio za volti 24 na za volti 48 zinazopokea umeme kupitia kebo ya mtandao, na kuchanganya kunaunguza. Mlingoti, fremu ya paneli na vizuia radi vyote viungwe kwenye mfumo mmoja wa ardhi. Fimbo mbili zisizounganishwa huleta tofauti ya volti radi ikipiga karibu, na umeme huo hupita kwenye vifaa vyenu.

Umeme

Orodhesha mzigo kwa wati (W): redio ya kiungo W 8, redio za kusambaza Wi-Fi W 12, ruta W 5, kompyuta ndogo ya maktaba ya masomo (itaelezwa chini) W 5. Jumla W 30, kwa saa 24 ni wati-saa (Wh) 720.

Paneli: tumia mwezi mbaya zaidi wa mwaka, tuseme saa 4.5 za jua kamili, na upotevu wa asilimia 30. 720 ÷ (4.5 × 0.7) = W 229. Nunua mbili za W 150.

Betri: siku mbili bila jua ni Wh 1,440. Betri ya lithiamu-fosfati inayotumika mpaka asilimia 80 inahitaji Wh 1,800, yaani ampea-saa (Ah) 141 kwa volti 12.8; nunua ya Ah 150. Ya risasi, ambayo haipaswi kushuka chini ya nusu, inahitaji Ah 240 kwa volti 12. Ukiona bei ya risasi inavutia, kumbuka hilo.

Hapa kuna kosa linaloua betri za risasi nyingi kuliko jingine lolote: kontrola, kifaa kinachosimamia chaji ya sola, hutoka dukani ikiwa imepangwa kukata mzigo kwenye volti 11 hivi, wakati betri imeshakaribia kukauka. Panga ikate kwenye 12.0. Na kuchaji simu kuwe na paneli na betri yake. Simu 20 hula Wh 240 kwa siku, theluthi nzima ya mzigo wa mtandao, na hakuna mhudumu atakayemkatalia jirani saa moja jioni.

Kugawa kasi

Watu 40 wakiwa hewani pamoja kwenye 20 Mbps, kila mmoja ana nusu megabiti. Inatosha WhatsApp na fomu, haitoshi video ya wazi. Wekeni kikomo cha 2 Mbps kwa mtu, na mtumie foleni ya haki kwenye ruta, inayogawa kasi sawa kwa watumiaji; programu ya ruta OpenWrt ina foleni hiyo kwa jina la CAKE, na ruta za MikroTik zinayo pia kuanzia toleo la 7. Kikomo cha jumla kiwe 18 badala ya 20, ili foleni ijengeke kwenye ruta yenu mnayoitawala na isijengeke kwa mtoa huduma. Ahirisheni masasisho ya simu na kompyuta hadi saa sita usiku.

Matatizo mawili hujitokeza wiki ya kwanza. Simu za siku hizi hubadilisha anwani zao za kifaa (MAC), hivyo vocha iliyofungwa kwenye anwani hiyo hukataa na mteja hudai kaibiwa. Fungeni vocha kwenye namba yake ya siri. La pili, mtandao wenye anwani 250 za kugawia simu ukizikopesha kwa saa 24 hujaa siku ya gulio kwa simu za wapita njia tu. Fupisheni muda uwe saa moja.

Kwenye kompyuta ndogo wekeni programu za Kiwix yenye Wikipedia na Kolibri yenye masomo. Wanafunzi watasoma bure, bila kugusa kasi ya kulipia.

Meza ya huduma

Wengi kijijini hawana simu janja, na mtandao usiowafikia utawaacha nyuma zaidi. Meza yenye kompyuta mbili, printa na skana hufanya kazi ambayo steshenari ya mjini inafanya, bila nauli. Bandikeni ukutani bei ya kila huduma. Mhudumu asiandike nywila za watu kwenye daftari: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu, na daftari hilo likipotea ni mikopo na akaunti za watu. Panga pia saa za kufungua kwa kuangalia ratiba ya wanawake. Meza inayofunguliwa asubuhi wakati wa shamba na kufungwa saa kumi haiwahudumii.

Wekeni redio moja ya akiba iliyokwishapangwa, na nakala ya mipangilio ya kila kifaa kwenye flashi mbili. Kila alfajiri mhudumu aandike kiwango cha betri, saa ambazo huduma ilikatika na vocha zilizouzwa. Kwa lithiamu asisome volti, kwa sababu hazishuki mpaka dakika za mwisho. Asome asilimia kwenye kipimo cha betri yenyewe. Mapato yakipungua miezi mitatu mfululizo, shusheni mkataba kutoka 20 hadi 10 Mbps kabla ya kugusa akiba ya matengenezo.